Aliyeuma Muwa wa Farhiya

"Madam, ni mimi niliyempa Farhiya surua?" Adhis aliuliza hivyo akiwa darasa la nne, huku shuleni Nyanchwa, wakati Farhiya, rafiki yake wa dawati, alikuwa amelazwa hospitalini, hamtambui hata mamake. Aliyeulizwa alikuwa mtafiti wa magonjwa. Alikuwa amekuja kuchunguza jinsi ugonjwa unavyopita kutoka mtoto mmoja hadi mwingine, na vidole vyake havikutulia: alichora duara kwa kila mwanafunzi, mstari kati ya waliokaribiana. Siku ya kwanza aliuliza, "Jana uligusana na nani?" Darasa likaangua kicheko. "Madam, sisi hatuna tabia hizo!" Oyugi akapaza sauti. Tangu hapo akawa anauliza, "Nani aliuma muwa wako?" na majibu yakamwagika. Kila jibu alilipokea kwa sauti ya chini, "Halafu?", mpaka wakambandika jina Madam Halafu. Lakini Adhis aliposema muwa aliuma yeye kwanza, ndipo akampa Farhiya, ile "halafu" haikuja. Mama wa watu alianza kuchonga penseli, nayo ilikuwa kali tayari.

Mwaka huu Madam Halafu amekuja na utafiti mwingine kwenye shule yao ya sekondari. Farhiya yuko hai, ila sikio la kushoto halisikii, na Adhis hutembea upande wake wa kulia daima. Adhis alimfuata mtafiti nje, akauliza tena.

"Huenda ni wewe," Madam Halafu akajibu. "Na wewe pia kuna aliyekupa. Wakati ule ungesikia nusu ya kwanza tu."