Kibao cha Njia ya Mtungi

Mpaka leo nikipita Njia ya Mtungi hapa Buyenzi naharakisha mwendo, maana aibu niliyoivaa pale haijachakaa, na Mungu anisamehe, niliishona mwenyewe.

Vita vilikuwa bado vinaendelea, ila mtaa wetu ulikuwa umetulia kidogo. Barabara zetu zina namba tu, lakini kichochoro kile watu walikiita Mtungi, na shefu, mkuu wa mtaa, akataka kukiwekea kibao. Akanikuta nje ya msikiti na wazee wenzangu. "Mzee Ramazani, jina hili lilitoka wapi?" "Sijui" lilikuwa neno moja tu. Mimi nikasema mtungi ulikuwa wa babu yangu, aliyekuja kwa miguu kutoka Ujiji (hilo kweli), akawa ananywesha wasafiri (hilo nililiokota papo hapo), na kwa kuwa walinisikiliza vizuri nikaongeza kisima kisichokauka.

Ijumaa iliyofuata kibao kikatundikwa, na jina la babu juu yake. Nikavaa kanzu nyeupe, nikainua mikono kuomba dua, na kabla sijafika "amina" mwanamke mmoja aliyekimbia vita kutoka Kamenge akapaza sauti:

"Babu yako gani, mzee? Mutungi ulikuwa wa huyu mama! Siku tunakimbia alitunywesha wote, hakuuliza mutu kabila yake."

Akamnyooshea kidole Mama Yosefina, mjane Mkristo anayeuza mboga za lengalenga pale pembeni. Nilitamani ardhi inimeze. Nikamuuliza kwa sauti ndogo, "Mama, mbona ulinyamaza?"

"Nilikuwa nakungojea ukumbuke, mzee. Na we ulikunywaka hapa. Vikombe viwili. Ulikuwa na kiatu kimoja."

Watu wakaangua kicheko, na mimi nikakumbuka yote: siku ile nami nilipokimbia risasi, kikombe cha bati, maji, mkono ulionishika bega nisianguke. Uso sikuutazama. Subhanallah, nilikuwa nimekunywa uhai wangu pale nikampa babu shukrani.

Nikachukua brashi ya fundi wa kibao, nikapanda kigoda, mimi mwenyewe nikafuta jina la babu, rangi ikichuruzika kwenye kanzu. Shefu akasema basi tuandike Yosefina.

"Apana," akasema mama, akifunga mafungu yake ya mboga. "Maji ni ya Mungu. Mi nilibebaka tu."

Kanzu ile haikutakata tena. Siku hizi nisilolijua nasema sijui, hata mbele ya msikiti mzima; na nikipewa maji, kabla ya kunywa namtazama usoni anayenipa.