Nilivyofanya upgrade ya server ya maji siku ya harusi ya shemeji

Wakuu, heshima zenu. Hii sijatia chumvi. Kama kuna mtu wa Msimbu humu, anisahihishe.

Mimi ni mtu wa IT, ofisi yetu iko Kibaha, maeneo ya Tumbi. Tunaendesha mfumo wa maji ya vijijini. Mwanakijiji anagusisha kadi bombani, bomba linaiuliza server yetu, server ikikubali maji yanatoka.

Sasa hiyo server ni ya kale. OS yake, yaani mfumo endeshi, iliacha kupata update kitambo, na aliyeandika program ya kadi alishaacha kazi. Bosi akasema tufanye upgrade kabla wahuni hawajatuingilia.

Nikachagua Jumamosi asubuhi. Ofisi imefungwa, simu hazilii. Kwa taratibu za IT nilikuwa sahihi kabisa.

Mchana nilitakiwa Msimbu, Kisarawe, kwenye harusi ya mdogo wake mke wangu. Mke alishatangulia.

Nikachukua backup ya disk nzima, nikaanza. Ikaenda vizuri mpaka nikaingiwa na wasiwasi. Server ikawaka, hakuna error hata moja. Nikaandika kwenye group la ofisi: "Upgrade imekamilika, kila kitu kiko sawa." Bosi akajibu kwa dole gumba.

Simu ikaita. Mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Umeshatoka huko?"

"Ndiyo natoka, mama."

"Basi ukija, njoo na maji. Bomba limegoma tangu asubuhi, na mchele umeshachambuliwa unasubiri."

Nikamwambia sawa mama. Nikarudi kwenye server kuangalia, maana bomba la Msimbu nalo ni letu.

Program ya kadi haikuwa imewaka kabisa. OS mpya haikuitaka, na wala haikusema. Hakuna aliyelalamika ofisini, kwa sababu wanaokunywa hayo maji hawafanyi kazi ofisini kwetu.

Na wakuu, Jumamosi ndiyo siku kijiji kinatumia maji kuliko zote. Ndiyo siku ya harusi. Mimi mwenyewe nilikuwa na kadi ya mwaliko mfukoni.

Kurekebisha program isiyo na mwenyewe ningekesha. Nikarudisha backup, na OS ya zamani ikarudi na uzee wake. Disk ilikuwa inatembea kama bi harusi anayeingia ukumbini.

Nilifika Msimbu alasiri. Maji yalikuwa yamerudi, lakini kina mama walikuwa wameshashuka kisimani na ndoo, sare za harusi zimejaa matope. Pilau ndiyo kwanza linapakuliwa. Niliona aibu sana.

Mama mkwe akanipokea kwa furaha, bomba limepona. Ningeweza kunyamaza. Nikamwambia ni mimi niliyelizima.

Akaniangalia. "Mlangoni kwa mtu unapiga hodi, baba. Kwenye maji ya watu unaingia tu?"

Kisha akaagiza niletewe chakula.

Nilichojifunza: backup iliniokoa, ila muda wa kuzima server usiupange kwa kuangalia saa za ofisi. Waulize wanaoitumia.

Siku hizi kabla sijaigusa nampigia mama mkwe. Juzi niliomba Jumanne. Akasema Jumanne kuna arobaini kwa jirani. Nikaomba Alhamisi. Alhamisi kuna maulidi.

Server bado ni ile ile. Bosi anauliza tunachelewa nini, nimemjibu tunasubiri kibali.

Nyie wenzangu huwa mnapiga hodi kwa nani?