Kifaru cha Minyororo ya Vipande

Mashine ya kufuma ilimshika mzee wangu mkono wa kulia, pale kiwandani Thika alikokuwa anafanya kazi tangu tuoane. Mifupa ilishikana vizuri, namshukuru Mungu, lakini vidole vilibaki vimekauka. Hakuweza kushika kijiko. Kila asubuhi, kwa nyumba yetu ya kupanga huku Ruiru, mimi ndio nilikuwa namfunga vifungo vya shati, na yeye anaangalia dirishani mpaka nimalize.

Sasa, kiwandani uzi ukikatika mfumaji anauunga na fundo dogo sana, la kidole gumba na vidole viwili, haraka hata huoni amefanya nini. Bila hilo fundo wewe si mfumaji. Foremani wake alikuwa mtu mzuri. Alisema atamwekea mashine yake mpaka Januari, lakini akirudi na hawezi kufunga fundo, itapewa mtu mwingine.

Hospitali, dada wa mazoezi alimwambia ashikeshike vitu vidogo vidogo kila siku. Mimi nikamletea sinia ya maharagwe achague mawe. Siku ya kwanza alichagua. Siku ya pili jirani akapita mlangoni akamuuliza, "Baba, leo unatupikia nini?" Sinia ikarudi kwangu. Sikumlaumu. Mwanaume wa kwetu hachagui maharagwe watu wakimwona, hata kama ni dawa.

Nikaweka hiyo maneno kwa maombi. Na jibu lilikuja mahali sikutarajia, kwa duka la mzee mmoja Mwislamu huko Thika, mwenye anauza vitabu na mipira na vitu vya watoto. Tulikuwa tumetoka kliniki. Mimi nilikuwa nataka daftari, maana miaka hiyo nilikuwa nasoma gumbaru, shule ya watu wazima, jioni na nilikuwa nimefika kwa hesabu ya kugawanya. Nikigeuka, naona mzee wangu anaangalia juu kwa shelfu, na kwa mara ya kwanza tangu aumie, macho yake yanataka kitu.

Yalikuwa maboksi mawili ya vifaru vya jeshi vya kuunganisha. Unafungua boksi unakuta vipande vya plastiki vimeshikana kwenye fremu kama majani kwenye tawi. Unakata na wembe, unabandika na gundi, mwisho unapata kifaru cha kutoshana na mkate. Zote mbili zilikuwa na picha ya kifaru kile kile, kile cha kisasa tuliona kwenye televisheni wakati wa vita vya jangwani.

"Kifaru ni moja," mwenye duka akatuambia, "lakini kampuni ni mbili, zinashindana. Hii ya Japani inaingiana kama sufuria na kifuniko. Hata ukifunga macho."

"Na hii ingine?" nikauliza.

"Hiyo, mama, ni ya watu hawana kazi."

"Basi huyo ndiye bwana yangu," nikasema, na mzee wangu akacheka, ingawa hakutaka.

Alikuwa tayari ameweka ile ya Japani chini ya kwapa. Mimi nikaomba ruhusa nifungue zote mbili. Sinunui kitu sijaona ndani, hata viazi nageuza gunia. Ya Japani ilikuwa na vipande vichache, na ile minyororo kifaru hutembelea ilikuwa mikanda miwili tu ya mpira. Unaizungusha na umemaliza. Ya pili ilikuwa na mfuko wa nailoni umejaa vipande vidogo kama punje za mahindi. Kila pingu ya mnyororo peke yake. Unashikanisha moja kwa ingine mpaka mnyororo uzunguke magurudumu yote, kulia na kushoto.

"Tunachukua hii," nikasema.

"Wewe unanunua kifaru ama mahindi ya githeri?" mzee wangu akaniuliza. "Hujasikia inaingiana vibaya? Angalia hata mlango wake umepinda."

"Nimeona."

"Ni mimi nitaijenga, si wewe."

"Na ni mimi nakufunga shati," nikamwambia.

Nilisema pole pole, lakini nilisema. Mwenye duka akaanza kupanga kalamu ambazo zilikuwa zimepangwa tayari. Mzee wangu akatoa boksi ya Japani kwapani na kuirudisha kwa shelfu na mkono wa kushoto.

Nyumbani nilianza na makosa. Vile vipande vilikuwa na mafuta mafuta, nikaona si vizuri kuweka kitu kichafu kwa meza yangu, nikamimina vyote kwa karai na sabuni ya unga. Na ile karatasi ya namba na alama za kubandika pia nikaitia. Sikujua kwamba zile namba zinatoka zikiguswa na maji. Nilipomwaga maji, namba ya kifaru ilikuwa imejibandika kwa karai, na hapo ikakaa. Mzee wangu aliangalia karai muda mrefu. "Sasa jeshi letu linafua nguo," akasema.

Kilikuwa kifaru kigumu kweli. Mlango ule uliopinda haukufunga hata siku moja. Bunduki iliangalia upande kama ng'ombe amekataa kukamuliwa. Alikitukana kwa Kikuyu maneno mimi sitaandika, nikamwambia Mungu anasikia na Kikuyu. Wiki ya kwanza pingu zilikuwa zinamwanguka, zinaruka chini ya kitanda, na mimi napiga magoti na mshumaa kuzitafuta. Sikumshikia hata moja. Nilitamani, lakini nikajizuia, nikawa naokota tu na kuweka mbele yake.

Kina mama wa kanisa walipokuja kwetu kwa ushirika wa nyumbani, kiongozi wao alikiona juu ya meza karibu na Biblia.

"Mama, sisi tunaombea amani na wewe unafuga kifaru?"

"Hiki ni cha mkono wake," nikasema.

Mzee wangu akajibu kutoka kona, "Usiogope, mama. Hakina petroli na mlango haufungi."

Yule mama akamwangalia vidole, vimejaa gundi, vinashikanisha pingu bila yeye kuangalia. Akavuta kiti. "Basi tuanze na huo mkono," akasema, na wakaomba kwa sauti mpaka jirani akagonga ukuta.

Kabla Krismasi minyororo yote miwili ilikuwa imekwisha. Alianza kujifunga shati mwenyewe, lakini kifungo cha shingoni kilikuwa bado kinamshinda, na shati si uzi. Hatukuongea habari ya fundo. Mimi nilijua alikuwa anajaribu na uzi wa cherehani nikienda masomo, maana nilikuwa nakuta vipande vyake kwa sakafu, vingine vimefungwa na vingine vimeachiliwa.

Siku ile ya Januari ya kurudi kazini alitoka giza bado. Nikahesabu hivi: wakimkataa, saa sita atakuwa mlangoni. Nilipika mapema ili nisimpate na njaa. Saa sita ikafika, nikasimama mlangoni na mwiko. Hakuja. Nikaomba. Nikafua nguo zilizokuwa safi.

Alikuja jua likienda kuzama, anatembea kama amechoka, na nywele zake zilikuwa nyeupe kwa pamba, vile tu zilikuwa zamani akitoka kazini.

"Foremani alinifungisha fundo mara tatu," akasema. "Akasema niko slow."

"Halafu?"

"Halafu akasema uzi unakatika kwa mashine ya nne, kwani nimesimama nikingoja nini."

Nikamwambia akae nimtoe hiyo pamba kabla ya kula, isiingie kwa chakula. Akakaa, akainamisha kichwa.