Mama Koleo na Laini ya Pili

Fundi wa mtandao wa ofisi ya binti yangu ni mwanamke wa rika langu. Wanamwita Mama Koleo, maana koleo halimtoki kiunoni. Alianza kwa kufagia ofisi za watu. Akawa anawashikia mafundi ngazi, hadi siku moja akapanda mwenyewe. Kila mtu anamsifu. Mimi nilikuwa siwezi hata kumtazama, na sababu naijua: binti yangu humwita "mama" tu, bila Koleo.

Binti anauza tiketi za mabasi. Mtandao ukikatika, abiria wanahamia dirisha la jirani. Zamani ukikatika alinipigia mimi, analia. Siku hizi anampigia yeye.

Siku hiyo Mama Koleo alikuja kufunga laini ya pili. Ya kwanza inaingia kwa waya kutoka kwenye nguzo. Ya pili inashika mnara wa kampuni nyingine, ili moja ikizima, nyingine ipokee. Nilikaa kwenye benchi, nikimwibia jicho. Binti akapita, akampangusa vumbi begani. Roho ikaniuma.

"Chai, mama?"

Nikageuka. Alikuwa anamuuliza yeye.

Kazi ilipoisha, Mama Koleo akaniita. "Dada, njoo uchomoe huu waya. Mimi siondoki mpaka mwenyewe achomoe kwa mkono wake."

"Mwenyewe ni binti."

"Na binti ni wa nani? Chomoa!"

Nikachomoa kwa nguvu, nikiomba kimoyomoyo mitambo igome, aaibike. Kompyuta zikasita kidogo, kisha tiketi ikatoka. Hakuna abiria hata mmoja aliyegeuka. Nikabaki na waya mkononi, kama vile niliyechomolewa ni mimi.

"Basi huu hauna kazi tena," nikasema.

Akaugusa ule waya mkononi mwangu. "Nani kakwambia? Ile ya pili inashikilia tu. Rudisha, uone."

Nikarudisha. Taa ya waya ikawaka kijani, na kazi ikarudi huko yenyewe, bila kuguswa.

"Ndivyo nilivyoipanga," akasema.

"Mama!" binti akaita kutoka dirishani. "Njoo unishikie hapa kidogo."

Mama Koleo alisikia vizuri kabisa. Akainama, akaanza kuokota vipande vya waya sakafuni, kimoja kimoja, taratibu, mpaka nikaitika mimi.

Hadi leo sijui aliyeitwa ni nani. Na sitauliza.