Kombo na Kichwa cha Tegu

"Tumbo langu mimi ni tanuri," Kombo aliwatangazia walaji wote wa Soko la Burma, damu ya nyama ikimchuruzika kidevuni. "Kuichoma nyama mpaka ikauke ni kuichinja mara ya pili."

Huyo alikuwa fundi baiskeli wa Majengo, mwaka wa hamsini na sita. Baadaye mkewe, Muhiba, akifua shuka, akakuta vipande vyeupe, bapa kama tambi, vinajikunja vyenyewe. Akamwita mamake, Bi Lela.

"Huyu ni tegu," Bi Lela akasema, kaziba pua. "Na tegu anatoka kwa nguruwe. Mwanangu sikumwoza mla haramu."

Muhiba akachukuliwa hadi Shauri Moyo kwa mamake. Habari zikaenea; msikitini watu wakaanza kumwachia Kombo nafasi pana mno kwenye safu.

Akamkimbilia Saad, mpima choo wa zahanati, mtu anayeongea habari za minyoo hata watu wakila.

"Tegu wako wa ng'ombe na wa nguruwe," Saad akamwambia. "Wote wana kichwa kama cha pini, shingo, halafu pingili tupu, kama mabehewa. Tegu hana mdomo wala tumbo. Tumbo lake ni wewe. Pingili changa huota shingoni, zilizopevuka hukatika mkiani zimejaa mayai. Mayai hutoka na choo chako hadi malishoni, ng'ombe huyala pamoja na majani, mtoto wa tegu akajifungia kifukoni ndani ya mnofu, anakungoja wewe na tanuri lako."

"Wangu ni yupi?"

"Wa nguruwe ana kulabu kichwani. Wa ng'ombe ana vinyonyeo tu. Niletee kichwa. Kikibaki ndani, kitaota mwili mpya."

Kombo akaacha kula, akatafuna mbegu za maboga mpaka taya zikalegea, akanywa dawa chungu ya Saad, akaketi juu ya ndoo ya maji vuguvugu, maana tegu akipigwa na baridi hukatika.

"Ndugu yangu, gari moshi limefika wapi?" jirani yake Awale akauliza dirishani.

"Mabehewa yamepita. Nangoja kichwa. Ondoka hapo."

Alasiri kichwa kikafika. Saad akakiweka chini ya darubini, akamkaribisha Bi Lela.

"Kulabu sizioni," Bi Lela akasema baada ya kukodoa sana. "Naona macho manne."

"Ndivyo vinyonyeo, mama. Huyu ni wa ng'ombe."

Bi Lela akajitanda buibui upya. "Basi si mla haramu, ni mlafi tu. Muhiba atarudi. Lakini nyama ya nyumba ile itachemka mpaka iachane na mfupa, na makaa atanunua Kombo mwenyewe."

Kombo akakubali hapo hapo. Debe la makaa Majengo lilikuwa shilingi moja tu, rahisi kuliko kukosa mke.