Kutafuta Mti Uliogeuka Jiwe

Meza ilikuwa pale mapokezi, hatua tatu kutoka kwenye kiti changu, na nilikaa nayo mwezi mzima kabla ya kuigusa. Mimi ni mlinzi. Kazi yangu ni kuandikisha wageni, kupokea vifurushi na kumfungulia mlango anayeingia mikono imejaa. Jengo letu liko mtaa wa Al Nahda, huku katika nchi ya Waarabu, ni refu, na watu hupita mbele yangu kutwa bila kunipa neno zaidi ya "haloo".

Siku hiyo mfanya usafi alikuwa mgonjwa, nikachukua kitambaa nipanguse vumbi mwenyewe. Nilipoweka kiganja juu ya meza, nikaijua. Ubaridi ule, na zile pete za mti zilizozungukana kutoka katikati hadi kwenye gome. Nilizaliwa kaskazini mwa Kenya, upande wa Ziwa Turkana, ambako magogo kama haya, yaliyogeuka jiwe, yamelala tu mchangani. Sisi watoto tulikuwa tukiyakalia huku tukingoja mbuzi wanywe maji. Sikujua kwamba kuna watu huyakata na kuyafanya meza.

"Na wewe umefikaje huku?" nikaiuliza, kwa sauti.

"Kwa meli, mwanangu," mtu akajibu nyuma yangu kwa Kiswahili. "Imetoka Indonesia."

Alikuwa mzee wa ghorofa ya nne, anayetembea kwa mkongojo. Siku zote nilimwita sir, naye alikuwa akinijibu kwa Kiingereza au Kiarabu. Nilishtuka nikasema, "Shikamoo," na yeye akafumba macho kidogo kabla ya kuitikia. "Marahaba. Ni muda mrefu sijaamkiwa hivyo."

Alizaliwa Unguja, akahamia huku akiwa kijana, na maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye ujenzi wa barabara. Mawe aliyajua kwa sababu aliyapasua. Mke wake alikuwa amefariki, watoto wanaishi Muscat. Kuanzia siku ile akawa anashuka kila alasiri, anakaa karibu na meza robo saa, na tunazungumza huku nikiwafungulia watu mlango. Ilikuwa robo saa tu, lakini nilianza kuihesabia siku yangu nzima. Kule Al Qusais, mtaa ninakoishi, tulilala wanawake sita chumba kimoja, wenzangu wote vijana, kila mmoja na simu yake sikioni. Binti yangu alikuwa ameolewa nyumbani, na ujumbe wake ulikuwa umepungua hadi picha za mtoto bila maneno. Naweza kusema nilikuwa nimezungukwa na watu kila saa, na sikuwa na mtu.

Nikamwambia mzee kwamba nataka kipande changu mwenyewe, hata kama ni kidogo kama kipande cha sabuni. Siyo cha kununua. Nataka kukiokota chini kama zamani.

"Haya, lakini sikiliza," akasema. "Nchi hii ina hifadhi, na kwenye hifadhi mtu haondoki na kitu. Uliza kwanza. Ukijibiwa hapana, iwe hapana."

Hakuhitaji kuniambia mara mbili. Mtu anayeishi kwa viza hujifunza kuuliza. Halafu kazi yangu mwenyewe ni kuangalia watu wanatoka na nini mlangoni.

Siku yangu ya mapumziko ni Jumanne. Ilikuwa miezi ya baridi, nikapanda basi la Hatta, kule milimani karibu na mpaka wa Oman. Kwanza nilikwenda kwa wanaohudumia wageni, nikamuuliza msichana mmoja pale. Alinitazama mimi, akatazama viatu vyangu vya kazi, kisha akanijibu kwa upole: sehemu zilizowekewa uzio na vibao, ni kutazama na kupiga picha tu. Akanionyesha kwenye ramani korongo moja kavu lililo wazi kwa kila mtu, mwendo mfupi kutoka kituo cha basi. "Hata huko, ukiona kitu cha ajabu usikichukue, njoo utuambie," akasema.

Nilikwenda Jumanne ile na nyingine nne, kila mara nikirudi na picha za mawe za kumwonyesha mzee. Nilitembea korongoni nimeinama, kofia kichwani, chupa ya maji mkononi. Familia zilikuja kuchoma nyama kwenye vivuli vya miamba, watoto wakirushiana mpira, na mimi nikapita kati yao kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mama mmoja aliniita kwa mkono, akanipa mkate na vipande vya nyama kwenye sahani ya karatasi. Nilimshukuru. Sikujua lugha yake wala yeye yangu, nikala nikiwa nimesimama, kisha nikaendelea.

Mawe ya pale ni meusi, mengine ya kijani kama sabuni ya kufulia, yenye mishipa myeupe. Jumanne ya tano nikaona kipande chenye nyuzinyuzi ndefu zilizonyooka, kama kuni iliyopasuliwa kwa shoka. Nikakipiga picha palepale kilipolala, nikamtumia mzee.

Akanipigia simu. "Kikwaruze kidogo na ufunguo. Kidogo tu, na usivute vumbi lake, si zuri."

Nikakwaruza. Ufunguo uliacha mfereji.

"Basi siyo," akasema. "Mti wa jiwe haukwaruziki na ufunguo. Huo ni mwamba tu unaojifanya kuni." Kisha nikamsikia akicheka peke yake. "Mwanangu, mimi ni mzee mpumbavu. Milima hiyo ya Hatta ilitoka chini ya bahari. Yote hiyo. Hapajapata kuota mti ndani ya mawe hayo. Nilikuwa nalijua hilo tangu siku ya kwanza."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa ukiniletea picha kila Jumanne," akasema.

Sikukasirika. Nilikaa juu ya mwamba nikacheka naye, halafu nikakirudisha kile kipande mahali pake na kwenda kungoja basi.

Wiki mbili baadaye mzee hakushuka. Siku ya pili pia. Siku ya tatu lifti ilifunguka, wakatoka wanaume wawili na masanduku, nyuma yao mwanamke aliyefanana naye sana. Nilimuuliza. Alisema baba yake alikuwa ameanguka bafuni, wamekwisha kumpeleka Muscat, na hawezi tena kuishi peke yake. Walimpitisha kwenye lifti ya mizigo wakati wa zamu ya mwenzangu. Kazi yangu ni kujua nani katoka na nani kaingia, na huyu mmoja alitoka bila mimi kujua. Mwanamke alikuwa mwema, akanipa namba yake. Nikampa pole, nikawashikia mlango mpaka masanduku yakaisha.

Baada ya hapo sikwenda Hatta. Jumanne nilikuwa nikitembea tu Al Qusais, mitaa ya maghala, kwa sababu chumbani palikuwa na kelele na nje hapakuwa na mtu wa kuniuliza kwa nini sina neno. Ndivyo nilivyokata kona nisiyoizoea na kusikia msumeno mkubwa unaokata kwa maji. Geti lilikuwa wazi. Ndani, zimeegemezwa ukutani, kulikuwa na meza kama ile ya kwetu, kumi au zaidi, bado hazijawekwa miguu. Na chini ya msumeno, kwenye pipa lililokatwa nusu, vipande: vyekundu, vya kahawia, vyeusi, vyenye pete.

Msimamizi alikuwa Mganda, mwanamume mtulivu mwenye vumbi kwenye nyusi. "Kiswahili changu kidogo, sista," akasema. "Unataka nini?"

Nikamwonyesha pipa.

"Hiyo? Taka. Lori itachukua. Chukua wewe."

"Ya kwako?"

"Ya arbab, ya bosi."

"Basi nitamngoja arbab."

Akanitazama kama mtu asiyesikia vizuri, kisha akaniletea kiti. Nilingoja zaidi ya saa moja. Mwenye karakana alipofika, msimamizi akamweleza kwa Kiarabu, naye akacheka, akapunga mkono: "Khalas, achukue." Nikaomba aniandikie. Hilo lilimchekesha zaidi, lakini aliandika, nyuma ya karatasi ya mzigo, kwamba naruhusiwa kuokota vipande vya pipani kila Jumanne, akagonga na muhuri.

Nikapiga magoti sakafuni kwenye maji ya tope nikaanza kuchagua. Nilijaribu kila kimoja kwa ufunguo, kama nilivyofundishwa. Ufunguo uliteleza tu, ukaacha mstari wa kijivu uliofutika kwa kidole. Nikageuka kusema, "Mzee, ona." Msimamizi alikuwa amesharudi kwenye msumeno, amevaa vizibo vya masikio.

Sasa huwa nakwenda kila Jumanne. Msimamizi amenifundisha kusugua kwa karatasi ya msasa yenye maji, kuanzia ya kukwaruza hadi laini, na tunafanya kazi saa nzima bila kusema kitu. Siwezi kuuita urafiki, lakini nikichelewa huwa amekwisha kuniwekea kiti. Vipande vyangu sita viko dirishani chumbani. Wenzangu huvitumia kuzuia pazia lisipeperuke.

Kimoja nilikipiga picha nikaituma kwa yule mwanamke wa Muscat, nikaandika, "Mwonyeshe mzee, tafadhali. Nimepata, na kwa ruhusa." Wiki zilipita. Nilikuwa nimekwisha kukata tamaa jibu lilipoingia, nikiwa zamu: "Baba ameishika simu yenye picha muda mrefu. Haongei sana siku hizi. Anauliza ni mti gani."

Jumanne iliyofuata nikamuuliza msimamizi. Hakujua. Akamuuliza arbab, na yeye hakujua. Kwenye karatasi za mzigo imeandikwa "mbao za mawe" tu. Nikamwandikia yule mwanamke kwamba hatujui bado, ila ulikuwa mti mkubwa, na nimehesabu pete zake arubaini na moja kabla ya pale msumeno ulipokatia.