Walisubiri nimalize practical ndipo nijue habari za baba

Wakuu, habari za jioni. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mimi ni binti wa Same mjini. Baba alikuwa anaziba pancha pale barabara kuu. Form Five na Six nilisoma shule ya bweni huko juu milimani, jina naliacha.

Siku zetu zilikuwa mbio tupu. Kengele alfajiri, mchakamchaka kwenye ukungu, ndoo mkononi kwenda mferejini, usafi, uji wa kugombania, mstarini, halafu vipindi mpaka kichwa kinauma. Ukikaa kidogo tu, mwalimu wa zamu huyo! Mliosoma bweni mnaelewa.

Siku hiyo ilikuwa mock, na mchana tulikuwa na practical ya Chemistry.

Tangu asubuhi niliona maajabu. Nakijwa, rafiki yangu wa kitanda cha juu, alinichotea maji bila kuombwa. Matron akaniongezea uji. Mwalimu wa Chemistry, mtu ambaye hata shikamoo yako aliipokea kwa shida, akaniuliza kama nimelala vizuri.

Mimi nikajua leo nimeamka na bahati yangu. Nikafanya titration, tone kwa tone mpaka rangi ikabadilika.

Nilipotoka maabara mkuu wa shule akaniita.

"Mwanangu, baba yako anaumwa kidogo. Chukua begi, gari litakupeleka nyumbani."

Njia nzima ya kushuka mlima nilikuwa napanga nitakavyomsimulia baba jinsi practical ilivyokuwa rahisi.

Tulifika jua linazama. Nje wanaume wamekaa kwenye mikeka. Baba mdogo alinipokea, kanzu yake ina udongo mwekundu mpaka magotini.

"Baba yuko wapi?"

"Tumeshamzika, mwanangu, baada ya adhuhuri. Shule tuliwapigia alfajiri. Tukawaomba usiambiwe mpaka umalize mtihani."

Sisi Waislamu hatukawizi maiti, hilo nalijua. Na kwetu wanawake hatuendi makaburini. Lakini uso wake ningeuona pale nyumbani kabla hajatolewa. Saa ile mimi nasubiri rangi ibadilike kwenye chupa, baba anateremshwa kaburini.

Nakijwa sikumkasirikia, aliambiwa anyamaze. Baba mdogo imenichukua miaka kumsamehe, na kusema kweli bado inauma. Najua alinitakia mema. Inauma hivyo hivyo.

Sasa mimi ni mwalimu. Juzi nikiwa zamu, ndugu wa mwanafunzi wangu mmoja, binti wa kijiji cha Myamba, wakanipigia simu: mama yake amefariki.

"Mwalimu, mwambie anaumwa tu. Atajua akifika."

Binti alikuwa kwenye mtihani. Nilimtoa nje, nikamkalisha, nikamwambia ukweli. Alilia mpaka sauti ikakauka. Nikamsindikiza mwenyewe.

Ndugu zake wamelalamika kwa mkuu wa shule. Wanasema nina roho ngumu, mtoto haambiwi hivyo.

Nilichojifunza ni kwamba msiba ni wa mfiwa kwanza, mtihani unarudiwa. Kama nimekosea niambieni wakuu, nitasoma comment zote, hata za matusi.

Ila kwenye gari yule binti aliniuliza, "Madam, nikifika nifanyeje?"

Nikamwambia, "Ingia ndani umwone mama. Bado yupo, hawajamzika, wanakusubiri wewe."